Kiwiko cha Afande

Kwenye picha za harusi yangu Afande ni kiwiko. Nimezipitia zote, za msikitini, za ukumbini, hadi zile alizopiga wifi yangu kwa simu huku analia, na mahali pekee unapoweza kuapa kwamba jirani yangu huyo alikuwapo ni pembeni ya picha ya keki, ambako kiwiko chenye shati la kaki kinachomoza nyuma ya spika. Na alikuwapo! Alikula pilau sahani mbili, akatoa nasaha, akamkemea mshereheshaji kwa kelele. Ila kila kamera ilipoinuliwa aliinama kufunga kamba za viatu, na siku ile alikuwa amevaa kandambili za ngozi.

"Afande, hata picha moja na bibi harusi?" mume wangu alimwomba.

"Bibi harusi nimemwona na yeye ameniona. Hao wengine wananitakia nini?"

Sisi wa Kwamndolwa tulimwita Afande kwa kuwa alikuwa polisi, tena wa upelelezi, na alipostaafu shamba moja la mkonge nje ya mji wa Korogwe likamchukua awe mkuu wa ulinzi. Nyumba yake na yangu zinatazamana. Mimi nina steshenari karibu na stendi, natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za vitambulisho, nauza vocha. Nilimjua kuliko majirani wengine kwa sababu kila alichookota mtandaoni alikileta kwangu kichapwe. Hakuridhika na kioo cha simu, mpaka akione kwenye karatasi.

Na kuokota alijua, jamani. Aliegemea kaunta yangu, miwani imeshuka puani, akanisimulia kazi ilivyokuwa zamani. "Ulikuwa unamfuata mtu kutwa nzima juani. Unajibanza nyuma ya kibanda cha chipsi, jasho linakutoka, mwisho wa yote kumbe alikuwa anaenda kunyoa. Sasa hivi simfuati mtu. Namsubiri. Atajileta mwenyewe, na picha juu."

Neno lake kubwa lilikuwa "wazi". Hiki kiko wazi, kile kiko wazi. Alikuwa na ukurasa mmoja usio na picha wala jina la maana, wa kuchungulia tu, na kwa ukurasa huo aliujua mji mzima. Ukikutana naye njiani hakuulizi habari za nyumbani kwako, anakupa. Siku moja aliniambia, "Hongera kwa kabati," na kabati lenyewe lilikuwa bado liko kwenye mkokoteni, mwenye mkokoteni anahema kwenye kilima cha reli. Nilikuwa nimelitupia mtandaoni nikiwa bado kwa fundi. Nilichukia siku nzima, lakini nimchukie vipi mtu kwa kuangalia nilichokitundika mwenyewe?

Mkewe ndiye aliyeweza kumjibu. Mama Shabani ni mtu wa Kang'ata, kijiji cha kule Handeni, mwanamke wa maneno machache, na maneno yenyewe huyachagua. Siku moja Afande alikuwa anatuhubiria barazani kwake kwamba yeye hajawahi kuingia kwa mtu, watu wenyewe ndio wanaoacha mlango wazi.

"Kwa hiyo ukikuta mlango wazi unaingia?" mkewe akauliza, huku anachambua mchicha.

"Siingii. Nachungulia."

"Haya. Kumbe kuna adabu."

Lakini nikisema hakuwa na adabu nitamwonea. Kulikuwa na mstari ambao hakuuvuka. Mwanamke mmoja alikuja dukani kwangu na simu ya mumewe, kaiba neno la siri, anataka Afande amsaidie kusoma meseji zilizofutwa. Afande alirudisha mikono nyuma kana kwamba kapewa nyoka. "Mama, hiyo ni ya ndani. Mimi nashughulika na ya nje." Yule mama akamwambia atamlipa. Afande akamwambia amrudishie mume simu yake kabla hajaamka, na akatoka nje ya duka langu hadi mama yule alipoondoka. Halafu akarudi, akaniuliza kama nimeona jinsi mume huyo alivyobadilisha kinyozi tangu Ramadhani. Hiyo ilikuwa wazi.

Kisa kilichompa sifa kilitokea alipokuwa tayari amestaafu. Kijana mmoja wa Handeni aliibiwa pikipiki yake ya biashara, polisi wamechukua maelezo, mambo yamelala. Ndugu zake wakamfuata Afande. Akachungulia kurasa za vijana, wiki haikuisha akaja dukani na picha: jamaa kakaa juu ya pikipiki, miwani ya giza, mguu mmoja chini, na namba ya usajili kaifunika kwa kiganja.

"Mjanja huyu," nikasema. "Kafunika namba."

"Angefunika na mlima."

Nikatazama. Nyuma ya jamaa kulikuwa na mlima umeinuka karibu kabisa na barabara, na pembeni wamama wameinua mabeseni ya plamu na karoti kwenye dirisha la basi. Sasa mtu yeyote aliyewahi kupanda basi huku kwetu anajua hapo ni Mombo, pale magari yanaposimama abiria wanunue chakula, kabla ya njia ya Lushoto. Afande akanionyesha kivuli cha jamaa, akaniambia upande gani wa barabara na ni asubuhi au jioni. Kwenye tangi la mafuta kulikuwa na stika ya jina la mama mzazi wa mwenye pikipiki, jamaa hakuibandua. Picha ile ilipelekwa polisi, nao walipofika Mombo walimkuta palepale anakula hindi la kuchoma. Inasemekana alipoona karatasi aliuliza nani amemchoma. Hakuna aliyeweza kumweleza kwamba ni yeye.

Baada ya hapo hata wanaooza mabinti zao walianza kupita kwa Afande kabla ya kupokea barua ya posa. Mpwa wangu aliposwa na mtu wa heshima, mfanyabiashara, anayeongea taratibu. Afande alimtazama mtandaoni kwa muda mfupi tu. Bwana huyo hakuweka picha ya mwanamke hata moja, ukurasa wake ni mawaidha na mashamba ya machungwa. Ila alivaa shati la kitenge cha maua ya njano siku ya sikukuu. Afande akaenda kwenye kurasa za watu wengine wa Handeni, akarudi na picha ya mwanamke na watoto watatu, wote maua ya njano, kitambaa kilekile, mshono wa fundi yuleyule. Sote tunajua watu wanaoshona sare siku ya sikukuu ni watu wa namna gani. Dada yangu akamrudisha mshenga na barua yake kwa heshima zote. Bwana yule mpaka leo anadhani tulimloga.

Na alikuwa mkali wa kufundisha, uombe usiombe. Jirani yetu Mama Zawadi alinunua friji, akaipiga picha, akaitupia na shukrani kwa Mungu. Kabla ya adhuhuri Afande alikuwa mlangoni kwake.

"Umewaonyesha friji, sawa. Umewaonyesha na dirisha lisilo na nondo. Na juzi uliandika Ijumaa mnakwenda wote Tanga kwenye arobaini. Umebakiza kuwaandalia chai."

Mama Zawadi aliifuta ile picha huku analia, akaweka nondo, na Tanga hakwenda. Tukamcheka sana. Lakini tangu hapo mtaa mzima ukitaka kutupia kitu unatazama kwanza nyuma ya picha kuna nini. Mimi mwenyewe mpaka leo sipigi picha sebuleni bila kufunga pazia.

Sasa niseme habari ya Shabani.

Shabani ndiye mtoto pekee wa nyumba ile, kijana mchangamfu, bodaboda wa pale stendi kwa pikipiki ya mtu. Alirithi macho ya baba yake na hakurithi hata chembe ya hofu yake. Alikuwa na ugonjwa wa vijana wetu wote wa barabarani: akiona chombo kizuri kimesimama lazima aegemee apigwe picha. Basi jipya, gari la mzungu, greda la barabara, lori la mtu ambaye yuko ndani ya mgahawa anakunywa supu. Anakunja mikono, ananyanyua kidevu, na chini anaandika maneno yaleyale kila siku, "Kazi imeisha, Mungu ni mwema." Hana hata baiskeli! Afande alikuwa anacheka mpaka anapaliwa. "Mwanangu ana magari kuliko kampuni ya mabasi," alisema. Alikuwa anampenda mtoto yule wazi kabisa, mtu yeyote angeona.

Kuna jambo lingine Afande alilozoea kulisema hapo dukani, na nalitaja kwa sababu ndilo lililomshinda. Alisema vijana wa huku usihesabu siku waliyotupia picha, hesabu siku waliyopata bando. Picha inakaa kwenye simu hata miezi, siku akipata hela ya bando anazimwaga zote pamoja, ya Idi na ya msibani.

Basi, kule shambani marobota ya singa, zile nyuzi za mkonge zilizokwisha kusafishwa, yaliibwa. Mlinzi aliyekuwa lindo alisema ameona lori lenye turubai la bluu linatokomea. Afande alipandisha presha, maana hilo lilikuwa shamba lake, wanaoibiwa ni mabosi wake, na mlinzi ni yeye aliyemwajiri. Asubuhi ile akafungua simu yake kuchungulia, na wa kwanza kumtokea alikuwa Shabani, ameegemea lori lenye turubai la bluu, kidevu juu, na chini ya turubai zinaning'inia nyuzi nyeupe za katani. "Kazi imeisha, Mungu ni mwema."

Alikuja dukani kabla sijafagia. Akanirushia picha kwenye kompyuta, akasema, "Chapa kubwa."

Ikatoka. Nikaitazama, nikamtazama.

"Afande, huyu si Shabani?"

"Nimekuuliza jina?"

"Afande, mtoto huyu unamjua. Anaegemea chochote."

Alikuwa ameinamia kaunta. Aliniuliza, "Angekuwa mtoto wa Mama Zawadi ningefanyaje?" Hakunisubiri. "Ningeipeleka," akajijibu. Akaichukua picha ikiwa bado ya moto, akaipeleka kituoni mwenyewe, kwa miguu yake, akapita na stendi ambako Shabani, anayesubiri abiria, alimpungia baba yake mkono.

Nimeliwaza sana jambo lile. Mtu ambaye angemtetea mwizi wa kuku kwa kuwa kivuli hakilingani, kwa mwanawe hakutazama kivuli. Aliogopa watu wasije kusema amemficha. Kwa hiyo akaacha kumchunguza kabisa, akamtoa kama alivyo, na yeye akaita hiyo haki.

Shabani alikaa mahabusu. Mama Shabani alimpelekea chakula kila siku, anapita mbele ya duka langu na kapu kichwani, hatazami huku wala huku. Na mwisho wezi wakapatikana. Unajua walipatikanaje? Bibi mmoja upande wa Handeni alisikia lori limekwama kwenye tope karibu na shamba lake, wanaume wanatukanana, akaenda asubuhi kwa mwenyekiti wa kijiji akasema. Basi. Bibi huyo hana simu ya kugusa. Marobota yalikuwa bado yako ndani ya lori, turubai bluu kweli, namba nyingine kabisa.

Lile la kwenye picha? La mfanyabiashara wa kabichi kutoka Lushoto. Lilisimama Mombo miezi mingi nyuma, Shabani alikuwa amempeleka abiria kule, akaliona, akaegemea. Picha ikalala kwenye simu yake mpaka asubuhi ile alipopata bando. Na zile nyuzi nyeupe zilikuwa ncha za kamba. Kamba ya katani! Korogwe hii, ambako hata mbuzi wa kafara na godoro la bibi harusi hufungwa kwa kamba ya katani. Mtoto wa darasa la pili angemwambia.

Shabani alipoachiwa alifika nyumbani mchana. Mimi nilikuwa naanua nguo. Afande alikuwa amekaa barazani, amevaa shati la pasi, nadhani alikuwa amejiandaa kusema kitu. Kijana aliingia ndani, akatoka na begi, akasimama mbele ya baba yake akainamisha kichwa kwa adabu zote.

"Shikamoo, Afande."

Sio baba. Afande. Mzee wa watu aliinuka aitikie marahaba. Shabani akaondoka.

Na tangu siku ile Mama Shabani naye, ambaye miaka yote alikuwa anamwita mumewe Baba Shabani, akaanza kumwita kama tunavyomwita sisi. "Afande, chai." "Afande, umeme umeisha." Kwa sauti ya kawaida tu, wala hana hasira. Mimi nikisikia ng'ambo ya njia nilikuwa naingia ndani.

Afande aliacha kazi kule shambani bila kuambiwa aache. Dukani kwangu hakuja tena. Shabani alifuta picha zake zote mtandaoni, akabadilisha namba, na ukitafuta jina lake hupati kitu. Sasa sikiliza kichekesho cha mtaa wetu. Kila mtu Kwamndolwa alijua Shabani yuko Kang'ata kwa mjomba wake, analima mahindi. Konda wa gari la Handeni alijua, muuza mkaa alijua, Mama Zawadi alijua mpaka amelima ekari ngapi. Mama Shabani alikuwa anaenda Kang'ata kila mara "kumwona kaka", na begi lake lina fulana za kiume. Mpelelezi peke yake ndiye asiyejua, kwa kuwa hakuna aliyeitupia mtandaoni. Tulicheka hilo kwa siri, na baada ya muda halikuchekesha tena.

Mwaka jana, kiangazi, Mama Zawadi alikuja dukani anakimbia, kanga iko begani. "Afande kaibiwa akaunti!"

"Akaunti gani? Afande ana akaunti ya kuchungulia tu."

Akanionyesha. Kwenye ule ukurasa usio na jina sasa kulikuwa na jina lake kamili na cheo chake cha zamani. Kulikuwa na picha yake, sura nzima, ya mbele, anatazama kamera kama anapiga ya kitambulisho. Nyingine yuko barazani na kikombe. Nyingine ni geti, limeachwa wazi, na maneno chini: "Hapa ndipo ninapokaa. Njia ya mashine ya kusaga, geti la kijani." Nyingine dirisha la chumba cha nyuma, kitanda kimetandikwa shuka safi: "Chumba kipo." Nyingine: "Leo nipo nyumbani kutwa. Kesho pia nipo."

"Mwizi huyo," Mama Zawadi akasema. "Anawaita wenzake. Afande hawezi kuandika mambo hayo, mimi alinisimanga kwa dirisha moja tu!"

Nikafunga duka, nikaenda. Nilimkuta barazani, mwembamba kuliko nilivyomzoea, simu mkononi.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata akaunti?"

"Watu wanasema umeibiwa."

"Sijaibiwa. Ni mimi. Hizi za kuweka ndizo zinanipa taabu, kuchungulia nilizoea." Akanisogezea kigoda. "Ile ya geti imekaa vizuri? Inaonekana kwamba liko wazi?"

"Inaonekana, tena sana. Afande, ulitufundisha wewe mwenyewe. Nyumba, njia, saa unazokuwapo, sura yako. Ulifunga watu wangapi kazini? Si watakufuata?"

"Anayetaka kunifuata na anifuate. Nimechoka kuwa sipo." Alisema hivyo kwa ukali kidogo, halafu akapoa. Akanigeuzia simu. Chini ya kila picha kuna orodha ya waliotazama, na kila siku, katikati ya majirani na mashangazi, kulikuwa na ukurasa mmoja usio na picha, jina lake herufi na namba zilizochanganywa tu. Unatazama, unaondoka. Hausemi neno.

Nikaelewa. "Afande, huyo si unaweza kumjua kwa nusu saa? Angalia anafuata nani, angalia..."

"Niondolee mkono." Akaifunika simu kwa kiganja chake, kama yule mwizi wa Mombo na namba yake. "Kila siku anaingia jua linapolegea. Kule kwao mtandao unashika pale juu ya kichuguu tu, karibu na kwa mjomba wake, na wanapanda wakitoka shamba."

"Unajua yuko Kang'ata?"

"Tangu alipoondoka. Mama yake ananunua kandambili za namba saba na nusu, nani kwenye nyumba hii anavaa saba na nusu?"

"Na hukwenda! Mtaa mzima unakuona hujui kitu! Si ungepanda gari, ni hapo tu?"

Alivua miwani, akaipangusa na shati, na shati lilikuwa chafu, ikazidi kuchafuka. "Nikimfuata, nitakuwa nimemkamata mara ya pili," akasema. "Mimi siku zote nawajua watu na wao hawanijui. Safari hii anijue yeye. Anitazame mpaka achoke. Akiona kuna kitu cha kurudia, geti halijafungwa. Akiona hakuna, atakuwa ameona mwenyewe."

"Na ulimwambia umekosa?"

"Ndiyo nilikuwa nakusubiri wewe, unijulishe nikitaka kuandika maandishi marefu nabonyeza wapi."

Nikamwonyesha. Aliandika kwa kidole kimoja, midomo inatembea, na lugha yake ni ileile ya kituoni, nyingine hana. Aliandika kwamba katika shauri la lori la Mombo mtuhumiwa hakuwa na kosa lolote, mpelelezi hakufanya kazi yake, aliogopa maneno ya watu, na mpelelezi huyo ni baba yake. Akaniuliza kama ifikie marafiki tu au watu wote. Kisha akajibu mwenyewe, watu wote, kwa sababu na aibu aliyompa ilikuwa ya watu wote. Akabonyeza. Mimi nilikuwa nalia wazi, na yeye hakunitazama, kwa hilo namshukuru.

Tukakaa. Mama Shabani alikuwa ndani anapika, harufu ya kisamvu inatoka. Nilitaka kuondoka, Afande akasema ngoja kidogo, jua ndiyo linalegea. Simu ikalia. Hakuigusa, akanipa mimi.

Ule ukurasa usio na jina ulikuwa umetazama. Na haukuondoka. Kwa mara ya kwanza tangu ufunguliwe, ulikuwa umeweka picha yake wenyewe. Nikamrudishia simu. Afande akavaa miwani yake michafu.

Kijana amekonda, mweusi kwa jua, buti zina udongo. Ameegemea trekta jekundu, kubwa, jipya, la thamani ambayo ukoo mzima wa Kang'ata haujawahi kuishika. Mikono ameikunja. Kidevu amekinyanyua. Na chini yake: "Kazi imeisha, Mungu ni mwema. Narudi Ijumaa."

Nilingoja aanze kutazama kivuli. Nilingoja aseme jambo juu ya matairi, au namba, au nani yule amesimama nyuma. Afande alitazama uso ule muda mrefu, na machozi yalipoanza kumshuka hakuyafuta.

"Trekta si lake," akasema, na akaanza kucheka, akacheka mpaka akapaliwa kama zamani. "Mama Shabani! Njoo uone! Mtoto ana trekta!"

Mkewe alitoka na mwiko mkononi, akainama juu ya bega lake. Hakushangaa, nadhani alikuwa ameshaambiwa. Aliitazama ile picha, akamtazama mumewe, akamfuta mashavu kwa upindo wa kanga.

"Naliona," akasema. "Ingia ule, Baba Shabani."